Nimemkaanga mpaka akakauka: maswali na majibu kuhusu zebaki kwenye samaki

Wiki haipiti kliniki ya wajawazito bila mama kuniambia, "Nesi, huyo samaki nilimkaanga mpaka akakauka, sumu itatoka wapi?" Majibu haya ni kwa ajili yake, na kwa ajili ya yule aliyemfundisha hivyo.

Zebaki inaingiaje kwenye samaki?

Zebaki ni metali yenye sumu. Inatoka kwenye moshi wa makaa ya mawe, kwenye viwanda na kwenye uchenjuaji wa dhahabu, kisha inaishia majini. Huko bakteria wa kwenye tope wanaigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo mwili hauitoi kwa haraka. Dagaa anapata kidogo. Samaki anayekula dagaa anarithi ya dagaa wote aliowahi kuwameza, na papa aliyeishi miaka mingi akiwala hao ndiye mwenye mzigo mkubwa.

Nikimpika sana haiishi?

Haiishi. Zebaki imeshikamana na protini ya mnofu wenyewe, si uchafu uliokaa juu ya ngozi. Chemsha, kaanga, banika, loweka kwenye ndimu usiku kucha: iko palepale. Tena samaki akikauka maji ndiyo yanayoondoka, zebaki inabaki, kwa hiyo gramu 100 za samaki mkavu zina zebaki nyingi kuliko gramu 100 za huyohuyo akiwa mbichi.

Mbona tunaambiwa tutoe ngozi na mafuta?

Hiyo ni kwa kemikali nyingine, PCB na dioksini, ambazo hukaa kwenye mafuta. Kwa hizo, kutoa ngozi, kukata mafuta ya tumboni na kumbanika samaki mafuta yadondoke kunapunguza. Kwa zebaki hakusaidii kitu. Nadhani uvumi wa "ukipika vizuri inatoka" ulianzia hapa.

Samaki wanaouzwa si wameshapimwa?

Wakaguzi huchukua sampuli. Hawapimi kila samaki. Na yule uliyemvua mwenyewe hakuna aliyempima. Halafu hebu tupige hesabu. Mwaka 2018 Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, kiliweka ukomo wa methili-zebaki kwa jodari kuwa miligramu 1.2, yaani mikrogramu 1,200, kwa kilo. Wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya kimataifa ya chakula na ya afya, wanasema mtu asizidishe mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa wiki, na kiwango hicho kiliwekwa kwa kumfikiria mtoto aliye tumboni. Mama wa kilo 60 ana mikrogramu 96 za wiki nzima. Jodari aliyefika ukomo, anayeruhusiwa kabisa kuuzwa, anazimaliza kwa gramu 80 tu, kipande cha kutosha kiganjani. Jodari wengi hawafiki huko, lakini muhuri wa mkaguzi haukupi ruhusa ya kumla kila siku ukiwa mjamzito.

Sheria za uvuvi zinakataza samaki wadogo. Si maana yake wakubwa ndio salama?

Hapana, na naomba tuliache hili. Sheria ya ukubwa wa samaki na matundu ya nyavu ipo ili samaki wazaane kabla ya kuvuliwa. Inalinda samaki, haikulindi wewe. Kwa zebaki mambo ni kinyume: ndani ya aina moja, mkubwa na mzee ndiye mwenye nyingi. Sheria inayokulinda wewe ni ile inayofunga eneo la maji baada ya uchafuzi. Likifungwa, usile samaki wa hapo hata ukipewa bure.

Basi niache samaki?

Usiache! Wapo wanaotishika wakaacha kabisa, na mtoto akakosa mafuta ya omega-3 yanayojenga ubongo wake. Kula dagaa, sadini na samaki wengine wadogo mara mbili tatu kwa wiki. Waache papa, nduwaro na jodari wakubwa.

Nitaacha nikishapata mimba, si inatosha?

Umechelewa. Zebaki iliyomo mwilini huchukua kama siku 50 kupungua nusu tu, na ubongo wa mtoto huanza kujengwa kabla wengine hawajajua kuwa ni wajawazito. Anza unapopanga kuzaa. Wala usingoje kuumwa ndipo uamini: huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ya kiwandani ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, wapo akina mama waliokuwa na dalili chache au hawakuwa nazo kabisa, wakazaa watoto walioharibika vibaya ubongo.

Dalili kwa mtu mzima ni zipi?

Ganzi mdomoni, mikononi na miguuni, kuyumba unapotembea, ulimi mzito, macho kutoona pembeni. Watu hununua vidonge vya vitamini na kukaa miezi wakisubiri ganzi iishe. Nenda hospitali, na utaje mwenyewe samaki unaokula na mara ngapi, kwa sababu huenda usiulizwe. Kipimo ni cha damu au nywele.

Tumeokota samaki waliokufa wakielea. Tukiwachemsha vizuri?

Hapana, hapana! Huenda wameuawa kwa dawa ya wadudu iliyomwagwa majini na mvuvi haramu, na moto si wa kutegemea hapo pia. Aliyekula akianza kutokwa jasho na mate mengi, kutapika, kuharisha, mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya sindano au pumzi ikabana, hiyo ni dharura ya dakika hiyohiyo. Usimpe maziwa, usimtapishe, usingoje asubuhi. Mpeleke, na ubebe mabaki ya samaki kwenye mfuko uliofungwa.