Kilimanjaro kwa anayeanza: kichwa kikiuma, usipande

Kila ikikaribia Disemba, hapa Zanzibar tunapokea vijana wa maofisini na vikundi vya mazoezi wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro kwa ajili ya Siku ya Uhuru. Wanakuja kupima presha na kuomba dawa za maumivu "za akiba". Wakirudi wanasimulia, tena kwa kujisifu, namna walivyomficha kiongozi maumivu ya kichwa ili wasirudishwe chini. Masimulizi hayo ndiyo yaliyonifanya niandike majibu haya.

Njia ipi ni nyepesi kwa anayeanza?

Ile yenye siku nyingi. Wengi huuliza njia ipi ina mwinuko mkali na ipi ya taratibu. Mimi nauliza: umepewa siku ngapi?

Marangu inasifiwa kuwa rahisi kwa sababu njia yake ni ya taratibu na mtu analala kwenye vibanda badala ya mahema. Kwa miguu, ni kweli. Lakini tazama ratiba ya siku tano: geti liko kama mita 1,860, usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720, wa pili Horombo, mita 3,720, wa tatu Kibo, mita 4,720, na usiku huohuo unaamshwa kuelekea kileleni, mita 5,895. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Kutoka Horombo kwenda Kibo ni maradufu ya hapo.

Sisi tunatoka visiwa ambavyo havina kilima hata cha mita 150. Kama fedha zinaruhusu, chukua Lemosho ya siku nane. Inaingilia magharibi, inakatiza uwanda wa Shira, na ipo siku unapanda hadi Lava Tower, kama mita 4,600, kisha unateremka kulala Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Kupanda juu na kulala chini ndiko kunakouzoesha mwili. Machame ya siku saba nayo inapita hapo, ingawa ina vipande vikali zaidi. Rongai, ya upande wa kaskazini, ni ya taratibu na haina mvua nyingi. Nayo itake ya siku saba. Fedha hazitoshi? Basi Marangu ya siku sita, ulale Horombo mara mbili, na siku ya katikati utembee hadi kama mita 4,000 na kurudi. Njia ya Umbwe, yenye mwinuko mkali, waachie waliozoea.

Usikubali Marangu ya siku tano kwa sababu tu ndiyo rahisi kwa bei.

Kwani huko juu hewa imekwisha?

Haijaisha. Oksijeni ni ileile asilimia 21, ila kanieneo (msukumo) ya hewa kileleni ni karibu nusu ya ile ya hapa Forodhani, kwa hiyo kila pumzi inakuletea karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili una uwezo wa kuzoea, lakini unataka siku kadhaa. Usipoupa siku hizo, unapata ugonjwa wa mwinuko: kichwa kinauma, pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu au uchovu usioelezeka.

Mimi nakimbia kila asubuhi. Si niko salama?

Hapana. Mazoezi yanasaidia miguu na moyo, hayazuii ugonjwa wa mwinuko. Wenye nguvu mara nyingi ndio wanaoumia, maana wanawatangulia wenzao na wanaona haya kusema wanaumwa. Viongozi wa mlimani wakisema "polepole", hawaimbi wimbo wa watalii. Mwendo unaofaa ni ule unaokuwezesha kuzungumza bila kuhema.

Kichwa kikianza kuuma nifanye nini?

Usipande. Mwambie kiongozi saa ileile, pumzika palepale, kunywa maji, ule ukiweza. Kikipona kabisa na hamu ya kula ikarudi, unaweza kuendelea. Kisipopona, au kikizidi hata kidogo, shuka.

Nikimeza panadol kikatulia, si niendelee?

Kumeza panadol ukiwa umepumzika hakuna ubaya. Ubaya ni kumeza ili upande. Dawa imenyamazisha maumivu tu, na ubongo wako haukuongezewa oksijeni. Kila kundi lina mtu anayefanya hivi, na kila mara anasema "ni baridi tu", "ni chakula", "sikulala vizuri". Ukiwa juu ya mita 2,500 na kichwa kinauma, chukulia kwamba ni mwinuko mpaka ithibitike vingine. Usipande na kichwa kinachouma.

Lakini nimelipa, na kiongozi akijua atanirudisha.

Ndiyo, na akikurudisha kafanya kazi yake. Mwambie. Mwambie hata kama ni saa saba za usiku na kilele mnakiona. Mwambie hata kama bosi wako yuko mbele na bendera ya ofisi. Mlima utakuwepo mwakani.

Na nyinyi mlio naye hema moja, mkimwona mwenzenu kaacha kula, hasemi, anashindwa kufunga zipu ya koti au kamba za viatu, msimfichie siri. Semeni nyinyi.

Dalili zipi ni za hatari kabisa?

Mbili zinaua, tena ndani ya masaa.

Ya kwanza ni ubongo kuvimba. Mtu anapepesuka kama mlevi, anaropoka au analala asiamkike vizuri. Mpime hivi: mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba au akishindwa, ateremshwe.

Ya pili ni mapafu kujaa maji. Anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, kifua kinakoroma, baadaye makohozi yanatoka na povu, pengine la rangi ya waridi.

Tusubiri asubuhi?

Hapana. Msisubiri asubuhi. Nalirudia kwa sababu "tungoje kukuche" ndilo neno ninalolisikia katika kila simulizi iliyoishia pabaya. Ateremshwe usiku huohuo, asiachwe peke yake, angali anaweza kusimama. Oksijeni na dawa walizonazo viongozi apewe, lakini hizo ni za kumsaidia kushuka, hazichukui nafasi ya kushuka. Kuna machela zenye gurudumu, na helikopta zipo, ila usiku na kwenye mawingu usizitegemee. Mita 500 hadi 1,000 chini mara nyingi zinatosha kuanza kuibadilisha hali.

Vipi dawa ya kuzuia?

Ipo, inaitwa asetazolamidi. Kwa kawaida mtu mzima humeza miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Utakojoa sana na vidole vitakuchonyota. Uandikiwe na daktari, usiazimwe na rafiki; na kama dawa za salfa zimewahi kukudhuru, useme. Haikupi ruhusa ya kukimbia. Dawa za usingizi na pombe uziache kabisa, zinapunguza upumuaji usiku.

Nani asiende?

Mwenye ugonjwa wa seli mundu asiende. Huku kwetu ugonjwa huu si mgeni, na upungufu wa oksijeni unaamsha maumivu makali. Anayebeba kinasaba kimoja tu azungumze na daktari kwanza, maana wapo wanaopata matatizo ya wengu kwenye mwinuko. Mjamzito, mwenye upungufu mkubwa wa damu, mwenye maradhi ya moyo au pumu isiyotulia, nao vilevile waonane na daktari kabla ya kulipa chochote. Vijana wa Nungwi na Matemwe mnaopiga mbizi na mitungi: baada ya kupiga mbizi acheni saa 24 zipite kabla ya kupanda ndege ya kwenda mlimani.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinaaminika?

Kinasaidia, ila kwenye kidole chenye baridi hudanganya. Rangi nyeusi ya kucha au piko vinaweza kukifanya kisome vibaya, kwa hiyo dada zangu mnaotoka harusini acheni angalau kidole kimoja kitupu. Na namba ikiwa nzuri lakini mtu anapepesuka, fuateni mtu, si namba.

Nimesharudi Unguja, kichwa bado kinauma na nina homa. Ni mlima?

Ugonjwa wa mwinuko huisha ukishuka. Homa baada ya safari ya bara ni jambo jingine. Malaria kwetu imepungua sana, na wengi tunaowakuta nayo wametoka safari. Usikae nyumbani ukijifukiza. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, sema ulikuwa Moshi, upimwe malaria. Na kama kinachokusumbua ni kuhema au kikohozi kisichokata tangu mlimani, nenda hospitali sasa hivi, usingoje homa.