Kabla ya kumhoji aliyeumia, ijue kazi yake

Faili nyingi za ajali kazini hunifikia swali moja likiwa limeshapigiwa mstari: je, huyu mtu anasema kweli? Mimi huliweka kando kwanza. Kazi yangu ni kuchunguza madai ya fidia kwa niaba ya kampuni za bima, hasa Mombasa na viunga vyake, kisha kuwasaidia waajiri kumrudisha mfanyakazi kazini akishapata nafuu. Wengi huona hizo ni kazi mbili zinazopingana. Kwangu zote zinaanzia mahali pamoja: kujua mtu huyo anafanya nini hasa kwa mikono yake, kuanzia anapoingia getini hadi anapotoka. Ukishaijua kazi, unaona upesi kama jeraha linaoana na maelezo, na unajua pia ni sehemu gani ya kazi hiyo bado anaiweza.

Chukua kisa cha kuli mmoja wa ghala la chai, Shimanzi. Alidai kaumia mgongo akipanga magunia. Mwajiri alitilia shaka kwa sababu alimaliza zamu bila kulalamika, na hospitali alikwenda kesho yake. Kwenye karatasi, shaka hiyo ina uzito. Lakini msuli wa mgongo ukivutika mwili ukiwa bado na joto la kazi, mtu anaweza kuhisi kichomi tu na kuendelea. Usiku misuli inakaza, na asubuhi anashindwa hata kuinama kufunga viatu. Kuchelewa kwa maumivu peke yake si ushahidi wa uongo.

Nilikwenda ghalani nikamwomba msimamizi anionyeshe daftari la foklifti. Siku ile foklifti iliharibika asubuhi, na magunia ya safu za juu, ambayo kwa kawaida hupandishwa na mashine, yalipandishwa kwa mabega. Ndani ya faili hapakuwa na neno hata moja kuhusu jambo hilo. Kuli mwenyewe hakulitaja kwa kuwa hakuulizwa. Huulizwa aliumia vipi. Haulizwi siku hiyo ilitofautiana vipi na jana yake.

Nilipoketi naye aliniita afande na kunijibu neno moja moja. Nikamwambia, "Kaka, nimeona foklifti ilikuwa mbovu siku ile. Hebu nionyeshe mlivyokuwa mkipandisha." Akainuka. Mguu mmoja juu ya paleti, lile jukwaa la mbao la kupangia mizigo, gunia la kuwaziwa begani, kiuno kikajipinda kushoto ili kulisukuma juu. Alipofika hapo kwenye kujipinda akasita, akashika kiuno upande ule ule uliotajwa na daktari. Mambo kama hayo nayaandika yote, kwa sababu hayapatikani kwenye simu wala kwenye barua pepe.

Udanganyifu upo, sikatai. Kuna anayeumia Jumapili uwanjani akicheza mpira, akaripoti Jumatatu kwamba ameteleza kazini. Karatasi ninayoitegemea zaidi katika mashaka ya namna hiyo ni ile ya kwanza kabisa, iliyoandikwa na muuguzi au daktari wa zamu kabla mtu yeyote hajataja fidia. Mgonjwa akiwa na maumivu humweleza muuguzi yaliyompata. Sipendi kumfuata mtu mtaani na kamera, na mara nyingi hakufai kitu. Picha ya mtu akimbeba mwanawe Jumamosi haisemi lolote kuhusu kuinua magunia saa nane mfululizo.

Kinachochelewesha madai kuliko uongo ni waajiri kutoijua sheria, au kuijua na kunyamaza. Sheria yetu ya Kenya ya fidia kwa majeraha ya kazini ni ya mwaka 2007, na kila mtu huiita WIBA. Inakubali taarifa ya mdomo kutoka kwa mfanyakazi au mtu wake, kwa hiyo "hakuandika barua" si hoja. Mwajiri akishapata habari ana siku 7 za kumjulisha Mkurugenzi wa usalama na afya kazini, ofisa wa serikali; kama kuna kifo, ni saa 24. Kibarua aliyeajiriwa kwa ujira naye anahesabiwa. Na jambo linalowashangaza mameneja wengi: mfanyakazi akikiuka agizo huku akifanya kazi kwa faida ya mwajiri, ajali hiyo bado ni ya kazini. Kuli wetu alikuwa amekatazwa kupanda juu ya paleti. Alipanda ili meli isikose mzigo.

Sasa kurudi kazini. Hapa ndipo watu wanapopotezwa, na inaniuma, kwa maana tatizo huwa ni maneno mawili tu kwenye cheti cha daktari: kazi nyepesi. Mwajiri anasema kwake hakuna kazi nyepesi, anamrudisha mtu nyumbani. Mwezi unakuwa mitatu. Simu kutoka kazini zinakoma, nafasi yake anapewa mwingine, naye anaanza kuogopa mwili wake mwenyewe. Kadiri anavyokaa nje ndivyo kurudi kunavyokuwa kugumu, hata kama mgongo umeshapona.

Ninachofanya ni kumwandikia daktari ukurasa mmoja: magunia mangapi kwa saa, yanatoka kimo gani kwenda kimo gani, mtu anasimama muda gani, anajipinda mara ngapi. Daktari hajawahi kuingia ghala la chai, na hana sababu ya kujua. Akipata ukurasa huo, jibu linabadilika: asiinue zaidi ya kilo 10 kwa wiki sita, asijipinde akiwa na mzigo, anaweza kusimama. Jibu kama hilo msimamizi analiweza. Kuli yule alirudi kwa kubandika lebo na kuhesabu magunia yanayoingia. Kisha akapewa nusu zamu kwenye safu za kimo cha kiuno, na baadaye zamu nzima. Niliwaomba pia wenzake wa genge waelezwe mapema, ili asionekane anapendelewa.

Alisita sana kukubali, na wengi husita kwa sababu hiyo hiyo: wanaamini kwamba ukirudi kazini umejifuta kwenye fidia. Sivyo. Malipo ya muda wa kuuguza jeraha, ambayo hayazidi miezi 12, ni kitu kimoja. Ulemavu wa kudumu ni kitu kingine. Huo hupimwa na daktari kwa asilimia, na hesabu yake hujengwa juu ya mapato ya miezi 96, hata kama umesharudi kwenye mshahara wako. Ukiona asilimia uliyopewa ni ndogo, una siku 60 za kumwandikia Mkurugenzi pingamizi, na usiporidhika na jibu lake una siku 30 za kukata rufaa katika mahakama ya kazi. Andika tarehe ya uamuzi juu ya bahasha siku unayoupokea, na utunze nakala ya ile karatasi ya kwanza ya hospitali pamoja nayo.