Je, wajua kwa nini jamu hutoroka ukioka wienerbrød kwenye air fryer?

Chukua spandauer, aina ya wienerbrød, ule mkate mtamu wa Denmark wenye matabaka, hii ikiwa na jamu katikati, uweke kwenye air fryer, ile oveni ndogo ya feni, na uwashe nyuzi 200 za Selsiasi kama maelekezo mengi ya oveni yanavyosema. Baada ya dakika chache utakuta balaa tatu kwa mpigo: juu kumeshakuwa na weusi, ndani unga bado mbichi, na jamu imemwagika hadi kwenye matundu ya kikapu ikakauka huko. Wengi hulaumu mashine, wengine hulaumu jamu. Chanzo hasa ni upepo. Ukishaelewa upepo ule unafanya nini kwa siagi, kwa unga na kwa jamu, mashine hiyohiyo inaweza kukutolea wienerbrød nzuri kabisa, yenye ganda linalovunjika na matabaka unayoweza kuyahesabu kwa macho.

Wienerbrød maana yake mkate wa Vienna, mji mkuu wa Austria, na jina hilo lina historia. Mwaka 1850 wafanyakazi wa kuoka mikate nchini Denmark waligoma. Wenye maduka wakaleta mafundi kutoka nje, wakiwemo Waaustria, nao wakaja na ujuzi wao wa kukunja siagi ndani ya unga. Mgomo ulipokwisha, waokaji wa Denmark waliushika ule ujuzi, wakaongeza mayai na siagi nyingi zaidi, na mkate ukawa wao. Vienna kwenyewe mikate ya namna hiyo huitwa ya Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, kwa hiyo kila mji unamtaja mwenzake. Wahamiaji waliibeba hadi Marekani. Katika mji wa Racine, jimbo la Wisconsin, waokaji wenye asili ya Denmark hutengeneza kringle, aina kubwa yenye umbo la pete iliyorefuka kama yai, na mwaka 2013 jimbo hilo liliitangaza kuwa andazi lake rasmi.

Spandauer ndiyo inayopatikana karibu kila duka la mikate Denmark. Ni kipande cha mraba kilichokunjwa pembe zake nne kuelekea katikati, kikatiwa kastadi au jamu juu ya pale pembe zinapokutana, kisha kikamwagiwa michirizi ya sukari laini iliyokorogwa na maji. Chini ya jamu mara nyingi kuna remonce, mchanganyiko wa siagi na sukari, pengine na lozi zilizosagwa. Baadhi ya waokaji hutia iliki kwenye unga, na kwa maoni yangu wamefanya la maana sana: iliki na jamu ya rasiberi zinapatana mno.

Sasa tuingie kwenye matabaka, maana kila kitu kinaanzia hapo. Anayejua kusukuma chapati anajua kwamba mafuta yakipakwa kabla ya kukunja, chapati huachana ndani. Wienerbrød inatumia siri ileile, ila badala ya mafuta ya maji kuna bapa zima la siagi baridi. Bapa hilo hufungwa ndani ya unga wa hamira, unasukumwa hadi uwe mrefu, kisha unakunjwa sehemu tatu kama barua inayoingia kwenye bahasha. Tabaka moja la siagi limekuwa matatu. Unapumzishwa kwenye friji nusu saa, unasukumwa na kukunjwa tena: tisa. Unapumzishwa, unakunjwa mara ya mwisho: 27. Hesabu hiyo ya 27 ndiyo ya kawaida kwa wienerbrød. Ukiendelea kukunja, siagi inakuwa nyembamba kiasi cha kuchanganyika na unga, na unapata mkate laini usio na matabaka.

Siagi ya kawaida ina mafuta asilimia 80 au zaidi kidogo, na maji yanayokaribia asilimia 16. Maji hayo machache ndiyo yanayofanya kazi. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye nyuzi 100 huchukua nafasi ya karibu lita 1.7. Gramu 150 za siagi zina maji ya gramu 24 hivi, kwa hiyo zinaweza kutoa mvuke wa lita 40. Sehemu kubwa hupotea hewani, lakini unaobaki kidogo kati ya tabaka na tabaka hulisukuma la juu liachane na la chini. Mafuta nayo yanazuia unga usigandane tena.

Ila mpangilio wa matukio lazima uwe sawa. Siagi huyeyuka kati ya nyuzi 32 na 35. Hamira hufa ikifika nyuzi 60 hivi, na kabla ya hapo huwa imeongeza kasi ya kutoa gesi. Kutoka hapo wanga na protini za unga huanza kukaza. Mvuke unahitaji kusukuma wakati unga ungali unanyumbulika. Ganda la juu likikauka mapema mno, mvuke unakuta mlango umefungwa. Utapasua pembeni, au utatokea pale palipo dhaifu zaidi, yaani katikati, penye jamu.

Hapo ndipo air fryer inapoingia. Mashine hii iliuzwa kwa mara ya kwanza na kampuni ya Philips, iliyoionyesha Berlin mwaka 2010, na wazo lake lilitoka kwa Mholanzi Fred van der Weij, aliyetaka chipsi za mafuta kidogo. Pamoja na jina lake, haikaangi. Ni oveni ndogo yenye koili ya moto juu na feni kali inayozungusha hewa kwenye nafasi finyu. Chakula baridi kikiingia ndani ya oveni yoyote huzungukwa na utando mwembamba wa hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia hupitisha joto taratibu sana. Feni inaupeperusha utando huo, pamoja na unyevu unaotoka kwenye chakula. Kwa hiyo ngozi ya chakula hupata joto haraka na kukauka haraka.

Kwa chipsi hiyo ni neema. Kwa wienerbrød ni mtihani, kwa sababu ngozi inaharakishwa lakini ndani hakuharakishwi kwa kiwango hicho. Joto bado linapaswa kusafiri kutoka nje kwenda ndani ya unga kwa mwendo wake uleule. Ndiyo maana nyuzi 200 zinaunguza. Shusha hadi 160, na ngozi inasubiri kidogo, mvuke unapata muda wa kufanya kazi yake, rangi inakuja mwishoni inapotakiwa.

Upepo una kosa jingine. Pembe za spandauer ni nyepesi na zimekunjwa tu, hazikushonwa. Feni inapopuliza na mvuke unaposukuma kutoka chini, zinafunguka, na kikombe kilichokuwa kimeshika jamu kinakuwa bapa. Watu wa Denmark hubonyeza pale katikati kwa kidole hadi karibu kugusa meza, na kwenye air fryer unapaswa kubonyeza kwa nguvu zaidi, ukiwa umepaka tone la yai chini ya kila pembe. Jamu iwekwe juu ya pembe zilizokutana, isiwe chini yake, ili uzito wake uzikandamize.

Na jamu yenyewe je? Jamu ya dukani iliyotengenezwa vizuri ina sukari karibu asilimia 60 au zaidi, na kilichobaki sehemu kubwa ni maji yaliyoshikwa na pektini, kile kitu cha matunda kinachogandisha jamu. Inapopata moto inaregea. Ikiendelea kupata moto inachemka, na kwa sababu ya sukari huchemka juu kidogo ya nyuzi 100, mapovu yanainuka na kuvuka ukingo. Feni inakausha utando juu yake, mapovu yanajikusanya chini ya utando huo, kisha yanapasuka na kurusha. Jamu nyepesi ina maji mengi zaidi ya kuchemka, basi humwagika zaidi. Dawa yake ni kuyatoa maji kabla. Iweke kwenye sufuria ndogo, ichemshe kwa moto mdogo huku ukikoroga, hadi ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia inabaki wazi kwa sekunde kadhaa kabla haijajifunga. Ipoze kabisa, ikiwezekana kwenye friji. Kisha tumia kijiko kimoja kidogo tu kwa kila kipande. Kikionekana kichache, ongeza kingine baada ya kutoa mkate kwenye moto. Kitatulia chenyewe kwa joto lililobaki na ladha yake itakuwa mbichi zaidi.

Kwa vipande kumi hivi, kanda gramu 250 za unga wa ngano, mililita 100 za maziwa baridi, yai moja, gramu 25 za sukari, kijiko kidogo cha hamira, chumvi kidogo, na iliki ya kusaga ukipenda. Siagi ya kukunjia gramu 150. Baada ya mikunjo mitatu, sukuma unga hadi unene wa milimita 4, kata miraba ya sentimita 10, kunja, kisha iache iumuke hadi itikisike kidogo ukigusa sinia. Paka yai juu tu. Yai likidondokea kwenye kingo zilizokatwa na kisu hugandisha matabaka, na upande huo hautapanda.

Pasha mashine moto dakika 4 ikiwa na kikapu ndani, kwa sababu koili iko juu na bila hivyo chini hubaki na ubichi. Karatasi ya kuokea ikatwe saizi ya kila kipande, isizibe matundu yote. Na usiiweke kamwe peke yake wakati wa kupasha: feni huiinua hadi kwenye koili na inaweza kushika moto. Oka vipande vinne kwa awamu, vikiwa vimeachana, nyuzi 160 kwa dakika 8, kisha nyuzi 150 kwa dakika 4 au 5. Mashine hazifanani, kwa hiyo awamu ya kwanza ichungulie. Kama una kipimajoto cha jikoni, ndani ya unga kukifika nyuzi 92 mkate umeiva.

Aliye Mombasa, Dar es Salaam au Muscat ana kazi ya ziada. Jikoni kukiwa na nyuzi 31, siagi imebakiza kidogo tu kuyeyuka hata kabla ya kuoka. Denmark hawana tatizo hilo sehemu kubwa ya mwaka. Fanya kazi alfajiri, weka unga kwenye friji mara tu unapohisi unateleza chini ya kifimbo cha kusukumia, na usiuumushe juani kama maandazi; sehemu isiyozidi nyuzi 26 inatosha, hata kama itachukua saa mbili. Majarini laini ya kupakia mkate usiitumie kukunjia. Inabaki laini hata ikitoka kwenye friji, na inajichanganya na unga kabla hujamaliza mkunjo wa pili.

Anayeanza, au asiye na nusu siku ya kukunja na kusubiri, aanze na hindbærsnitter. Hizi nazo ni za Denmark na zina jamu, lakini jamu haionani na feni hata kidogo. Unaoka mabapa mawili ya unga wa biskuti, wa siagi, sukari na unga bila hamira, unene wa milimita 4, yaliyotobolewa kwa uma ili yasivimbe. Nyuzi 160, dakika 8 hadi 10, hadi kingo zianze kupata rangi. Yakipoa, moja linapakwa jamu ya rasiberi kwa ukarimu, la pili linalazwa juu, na juu yake inamwagwa sukari laini iliyokorogwa na maji machache hadi iwe nzito. Subiri sukari ikauke, kisha kata vipande vya mstatili kwa kisu chenye makali, ukikisukuma chini moja kwa moja, kwa sababu ukikivuta kama msumeno jamu itatoka pembeni.