Lafudhi ya Kiingereza na tabaka: yanayosemwa na yaliyopimwa

Dhana: Watu wa tabaka la chini humeza sauti, wa juu huzitamka zote.

Sauti ya r peke yake inatosha kuikanusha. Uingereza, lafudhi ya kifahari huiacha r ya mwisho, "car" ikasikika "kaa". Wanaoitamka wazi ni watu wa mashambani kusini-magharibi. (Uskoti ni habari nyingine, huko hata wasomi huitamka.) New York mambo ni kinyume: r ikisikika, ndiyo heshima.

Mwanaisimu William Labov aliipima mwaka 1962 katika maduka matatu ya jiji hilo: Saks la ghali, Macy's la wastani na S. Klein la bei ya chini. Aliulizia bidhaa aliyojua iko ghorofa ya nne, ili muuzaji ajibu "fourth floor", maneno yenye r mbili. Kisha akajifanya hakusikia, ili jibu lirudiwe kwa makini. Katika wauzaji 264, walioitamka r angalau mara moja walikuwa asilimia 62 Saks, 51 Macy's na 20 S. Klein. Na hawa ni wauzaji tu, si matajiri: fahari waliyoisema ni ya wateja wao.

Dhana: Kila tabaka lina matamshi yake, na hayachanganyiki.

Tofauti ni ya mara ngapi, si ya nani anayo na nani hana. Wauzaji wa Macy's walipotakiwa kurudia, r yao ya mwisho ilikaribia kabisa ile ya Saks. Mjini Norwich, Uingereza, mwanaisimu Peter Trudgill alikuta "walkin" badala ya "walking" kwa matabaka yote. Ilizidi kadiri mtu alivyoshuka ngazi na mazungumzo yalivyolegea. Mamwinyi wa Kiingereza wenyewe walikuwa wakisema "huntin" bila kuona haya.

Dhana: Lafudhi ya wakubwa haibadiliki.

Jonathan Harrington na wenzake walipima irabu za Malkia Elizabeth II katika hotuba zake za Krismasi. Kati ya miaka ya 1950 na 1980 zilisogea kuelekea usemi wa kawaida wa kusini mwa Uingereza, ingawa hazikuufikia.

Dhana: Kupanda daraja ni kurudisha h iliyodondoshwa.

Aliyezoea kusema "ouse" kwa "house" hajui ni maneno gani yana h na yapi hayana. Akijitahidi mno, huipachika hata kwenye "apple", na hapo ndipo hujulikana upesi zaidi.