"Fundi, kontroo boksi imekufa": mnayoamini kuhusu immobilaiza na ukweli wake

Wiki hii peke yake wamekuja watu watatu na wote wameanza na sentensi ileile, fundi gari haiwaki, nimeambiwa kontroo boksi imekufa, yaani ile kompyuta inayoongoza injini. Ukiuliza nani kakwambia, ni jirani, au dereva mwenzake wa kijiweni. Ukiuliza wamepima na nini, hamna aliyepima. Taa ya ufunguo imewaka kwenye dashibodi, stata inazunguka kwa nguvu, gari haishiki, basi hapo hukumu ishatoka na mtu ashafika Ilala kutafuta boksi la mtumba. Inaniuma jamani, maana ni hela ya ada ya watoto hiyo inaondoka bure.

Sikilizeni. Immobilaiza ni ulinzi wa gari dhidi ya wizi, kazi yake ni kuutambua ufunguo. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu, na pale unapochomeka kuna koili imezunguka kitasa kama pete. Ukiwasha swichi, koili inairushia chipu nguvu kidogo bila waya, chipu inajibu kwa kutoa namba yake, namba ikikubaliana na ile iliyohifadhiwa kwenye gari ndio unaruhusiwa kupata mafuta na cheche. Isipokubaliana, Toyota nyingi utasikia stata inazunguka tu, na gari nyingine inawaka sekunde moja mbili halafu inazima yenyewe. Sasa niambie, katikati hapo kuna chipu, koili, waya, fyuzi na betri, kwanini wewe uanze na boksi ambalo ndio kitu cha bei kuliko vyote?

Jumanne kaja mzee mmoja kutoka Mbagala, Harrier, ile mnayoiita tako la nyani, iko juu ya brekidauni, na kwenye siti ya nyuma kuna maboksi mawili ameshanunua, la pili baada ya la kwanza kugoma. Nikamwambia mzee wangu, kabla ya yote naomba huo ufunguo. Akasema ufunguo mzima, rimoti inafungua milango, akabonyeza pale pale na milango ikaitika. Nikaona kava la ufunguo ni jipya linang'aa, nikamuuliza umebadilisha lini, akasema Jumamosi, vitufe vilikuwa vimechanika, kijana mmoja Kariakoo kambadilishia dakika tano. Nikalifungua kwa bisibisi ndogo. Saketi ya rimoti ipo, betri ipo, ule upande wa chipu pamebaki kishimo kitupu. Kijana alihamisha rimoti, chipu akaiacha kwenye kava la zamani. Kwa bahati mama watoto wake hakulitupa, lilikuwa kwenye droo, likaletwa na bodaboda. Chipu yenyewe ni kidude cheusi kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Nikairudisha mahali pake, nikafunga lile boksi la mwanzo ambalo gari lilitoka nalo kiwandani, taa ikazima, stata moja tu gari ikawaka. Mzee alinyamaza muda mrefu akiangalia yale maboksi mawili.

Kwahiyo rimoti kufungua milango haithibitishi chochote kuhusu chipu, ni vitu viwili tofauti vinakaa nyumba moja. Na yale maboksi yasingewaka hata yangekuwa kumi, kwasababu boksi la mtumba linakuja na kumbukumbu za gari lilikotoka, halijui ufunguo wako wala kile kiboksi cha immobilaiza cha kwako. Ukilazimika kununua, nunua seti nzima ya gari moja, boksi na immobilaiza na ufunguo wake, au mpe mtu mwenye mashine ya kulioanisha na gari yako. Boksi kufa linakufa kweli, sikatai, hasa gari iliyopita kwenye maji pale Jangwani ukakuta pini zina kutu ya kijani, au mtu kabusti betri akageuza waya. Lakini hilo liwe la mwisho kufikiriwa. Anza na ufunguo wa akiba, gari ikiwaka na huo basi shida ni ufunguo wa kwanza, imeisha. Toa funguo nyingine zenye chipu kwenye huo mkufu maana zinaingiliana. Pima betri, nzima iliyopumzika inasoma kama volti 12.6, ikiwa chini ya 12 ichaji kwanza ndio tuongee. Halafu piga skana, ile mashine inayosoma kodi, yaani namba za hitilafu, kwa Toyota B2795 maana yake ufunguo hautambuliki, B2796 hakuna mawasiliano kabisa, yaani chipu haipo au koili na waya wake. Fundi asiyekusomea kodi anakubahatishia.

Mengine niyapitie haraka. Kusukuma gari hakusaidii, immobilaiza haijali injini imezungushwa na stata au na vijana wa mtaani, na otomatiki ndio kabisa msijichoshe. Kutoa teminali ya betri ili isahau nako hamna kitu, namba za funguo zinakaa kwenye kumbukumbu isiyotegemea umeme, ukirudisha teminali utaikuta vilevile. Kuchomoa fyuzi ya immobilaiza au kukata waya zake ndio unaifunga zaidi, maana boksi linasubiri ruhusa na ruhusa haiji tena. Taa nyekundu kumwekamweka gari ikiwa imepaki ni kawaida, ndio ulinzi umewaka, wasiwasi uwe pale unapochomeka ufunguo na bado inamweka.

Betri ya rimoti ikiisha, chipu haihusiki, haitumii betri. Hata zile za kubonyeza kitufe, kwa Toyota kanyaga breki, gusisha ufunguo upande wenye nembo kwenye kitufe cha kuwashia, ukisikia mlio bonyeza, itawaka. Watu wamelala Kibaha kwa kutojua hili.

Na sio kila gari ina immobilaiza. Ulaya ilikuwa lazima kwa gari ndogo mpya tangu 1998, Japani hawakuwa na sharti hilo, ndio maana Vitz nyingi za miaka ile ufunguo wake ni chuma na plastiki tu. Mtu ana gari ya namna hiyo anakuja kuniambia immobilaiza, kumbe ni alamu ya kufungiwa hapa hapa Dar au traka ya mkopo, kifaa cha kufuatilia gari ilipo kinachofungwa na aliyekukopesha. Vitu hivyo vina rilei, swichi ndogo ya umeme, inayokata waya wa pampu au wa stata, rilei ikichoka gari inagoma bila taa yoyote na skana haikuonyeshi kitu. Kama gari yako ina traka, mwambie fundi mapema, aanze kuingiza mkono chini ya dashibodi atafute waya zilizoungwa kwa tepu.