Hessen-Kassel, Hessen-Darmstadt: kile kistari maana yake nini?

Ukisoma historia ya watawala wa Ujerumani ya zamani utakutana na Hessen-Kassel, Hessen-Darmstadt, Hessen-Marburg, mpaka unachanganyikiwa hizi ni nchi ngapi jamani. Siri iko kwenye kistari. Jina la mbele ni la ukoo na nchi yao ya asili, la nyuma ni mji alikokaa mkuu wa tawi hilo, yaani ukiona kistari ujue hapo mirathi iligawanywa.

Maana kwa wengi wao miaka ya 1500 nchi ilikuwa kama shamba la baba, mzee akifa vijana wanakata vipande. Philipp, mtawala wa Hessen nzima (nchi iliyoko katikati ya Ujerumani), ndo mfano mzuri, huyu ni yule aliyeongeza mke wa pili mwaka 1540 wakati wa kwanza yupo hai, tena Martin Luther mwenyewe, yule mwanzilishi wa Uprotestanti, akamkubalia ila akataka iwe siri, na siri yenyewe haikukaa, ikawa kashfa ya Ujerumani nzima. Alipofariki 1567 wana wanne wa bi mkubwa wakagawana: Wilhelm akachukua karibu nusu na Kassel yake, Ludwig kama robo huko Marburg, wadogo wawili Philipp na Georg wakaambulia Rheinfels na Darmstadt, kama thumuni kila mmoja. Vijana wa bi mdogo hawakupewa kiti, waliishia kuitwa makaunti wa Diez.

Sasa Philipp wa Rheinfels akafa 1583 bila mtoto, Ludwig naye 1604 hivyohivyo, na hapo Kassel na Darmstadt wakaanza kugombea Marburg, ugomvi wa ndugu uliokuja kuisha 1648 baada ya kupigana vita kabisa!

Kitu kingine kinachopoteza watu ni namba. Ludwig IV wa Marburg na Ludwig V wa Darmstadt si baba na mwana, huyo wa tano ni mtoto wa Georg, kwa hiyo wa nne ni baba yake mkubwa, namba ziliendelea tu kuvuka matawi.

Baadaye Darmstadt wakaweka utaratibu kwamba mtoto wa kwanza wa kiume achukue nchi yote. Sawa, ila mdogo mtu naye lazima ale, kwa hiyo 1622 Friedrich, mdogo wake Ludwig V, akakatiwa kimji cha Homburg na vijiji vyake, na kistari kingine kikazaliwa, Hessen-Homburg, kikadumu mpaka 1866.