Kuhama FL Studio bila kupoteza nyimbo: yanayosemwa na yalivyo

Maprodyuza wengi wa Mwanza, kuanzia vyumba vya Mabatini hadi Nyegezi na Buhongwa, walianzia FL Studio, programu ya kutengenezea muziki kwenye kompyuta. Siku inafika mtu anataka kuhamia Ableton Live, Reaper au Logic, na ushauri anaopewa kijiweni nusu yake si kweli. Kazi nyingi hazifi kwa sababu mtu kachagua programu mbaya. Zinafia njiani, wakati wa kuhamisha.

Dhana: "Ableton inatoa sauti nzito kuliko FL."

Kuchanganya sauti ndani ya kompyuta ni kujumlisha namba, na programu zote hizi zinajua kujumlisha. Anayebisha ajaribu hivi: achukue sauti nne zilezile za WAV, aziweke kwenye programu zote mbili bila plagini (programu ndogo ya kuongezea) yoyote, kila kitelezi cha sauti kwenye 0 dB, pani (mgao wa sauti kushoto na kulia) katikati, kisha atoe WAV ya 24-bit kutoka kila upande. Hizo mbili aziweke kwenye mradi mmoja, zianze sehemu moja, ageuze fezi ya moja, yaani alipindue wimbi lake la sauti juu chini. Zikifutana na kubaki kimya, hakuna aliye mzito.

Zisipofutana, kuna mpangilio uliotofautiana. Kwenye mikisa (meza ya kuchanganyia sauti) ya FL, 0 dB iko kwenye asilimia 80 ya kitelezi, si juu kabisa, na chaneli ya sampuli nayo haianzi kwenye kiwango cha mwisho. Ukifungua mradi kwa kiolezo chenye limiter (kizuizi cha sauti kubwa) kwenye masta, njia ya mwisho zinakopita sauti zote, hiyo nayo inabana sauti bila wewe kuigusa. Halafu kuna hesabu ya pani: ukisogeza hi-hat kushoto, kila programu ina kanuni yake ya kupandisha au kushusha sauti. Ndiyo maana jaribio linataka pani iwe katikati. "Uzito" unaosikika mara nyingi ni dB moja au mbili za ziada, na sikio la binadamu hupenda kinachopiga kwa nguvu zaidi.

Dhana: "Nitafungua tu mradi wangu wa zamani kwenye programu mpya."

Hapana. Faili la .flp ni la FL, .als ni la Live, .rpp ni la Reaper. Bitwig Studio na Studio One zilileta mwaka 2023 muundo wa pamoja uitwao DAWproject, na Cubase 14 ikaupokea, lakini huo haukusaidii kutoka FL kwenda Live. Kinachovuka salama ni sauti yenyewe, noti za MIDI (maelekezo ya noti zipi zipigwe), na presets (sauti zilizopangwa tayari) za plagini za kununua nje kama Serum, mradi plagini hiyo imewekwa pia upande wa pili. Vifaa vingi vya FL vyenye jina linaloanza na Fruity vinabaki FL. Unaweza kuipakia FL yote kama plagini ndani ya programu nyingine, ila kwa laptopu ya RAM ya GB 8 ni kujitafutia shida.

Kwa hiyo toa stemu, yaani kila chombo kwenye faili lake la sauti, na uzitoe vizuri, maana hapa ndipo wengi huumia. Hifadhi kwanza mradi kwa jina jipya. Kila chombo kipe njia yake kwenye mikisa: besi na kiki (ngoma nzito ya mdundo) zikikaa njia moja, zitatoka faili moja na hutazitenganisha tena. Hakikisha uko kwenye hali ya wimbo, si ya patani (kipande kimoja cha mdundo); ukisahau, unatoa mizunguko minne ya ngoma na kushangaa wimbo umeenda wapi. Zima limiter ya masta. Kwenye dirisha la kutoa WAV chagua 24-bit, weka alama kwenye "Split mixer tracks", na sehemu ya mkia chagua "Leave remainder" ili mwangwi wa mwisho usikatwe kama kwa panga.

Toa seti mbili: moja ikiwa na efekti zote, nyingine kavu. Seti kavu ndiyo utakayoifanyia kazi, yenye efekti ni ya kukumbushia wimbo ulivyokuwa. Usishangae ukiweka kavu na besi ikaanza kugombana na kiki. Ule ujanja wa kiki kuisukuma besi chini haukuja nao, inabidi uujenge upya. Jina la folda liandike tempo (kasi ya mapigo kwa dakika) na ufunguo, mfano "harusi_112_Am". Stereo ya 24-bit kwa 44.1 kHz inakula karibu MB 16 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika nne wenye stemu 20 unakaribia GB 1.3. Mpelekee mwenzako wa Igoma kwa flashi, usimalize bando.

Dhana: "Live inajua tempo yenyewe."

Inakisia, na ukisiaji wake unaharibu stemu. Kabla ya kuvuta faili lolote ndani ya Live, andika kwanza tempo ya mradi, kisha ingia kwenye mipangilio uzime "Auto-Warp Long Samples", inayovuta au kubana sauti ndefu ili zifuate tempo. Usipozima, programu inaweza kuusoma mdundo wa singeli wa 210 kama 105, au kuivuta kila stemu kivyake kidogo kidogo. Dalili yake ni kiki inayopiga mara mbili kwa karibu, kama mlango unaofungwa na watu wawili, na vokali yenye maji maji. Dawa: chagua klipu zote, zima Warp, zipange upya zianzie baa ya kwanza.

Ipo kazi inayoihitaji Warp kweli. Ukirekodi ngoma za bugobogobo za Wasukuma kule Kisesa, usitegemee zikae kwenye tempo moja. Wapigaji wakichangamka mwendo unapanda, na ndivyo ngoma inavyotakiwa kuwa. Hapo weka alama kwa mkono kwenye pigo la kwanza la kila baa na utumie hali ya Beats, inayotunza makali ya pigo. Complex iachie vokali na wimbo mzima. Reaper nayo ina alama zake za kunyoosha, zinafanya kazi hiyohiyo. Binafsi ningeacha ngoma ipande na kuifanya tempo ya mradi iifuate, kuliko kuinyoosha hadi ikose utamu.

Dhana: "MIDI inabeba kila kitu."

MIDI inabeba noti, nguvu ya kugonga na mienendo ya vidhibiti. Sauti haimo. Na hata noti zina mtego: noti namba 60 FL inaiita C5, Reaper C4, Live C3. Kiki uliyoiandika kwenye hatua za FL inatoka kama noti 60, wakati pedi za mwanzo za Drum Rack (kifaa cha ngoma) ya Live zinaanzia 36. Ukibonyeza play, kimya. Chagua noti zote, shikilia Shift, bonyeza mshale wa chini mara mbili. Zinashuka oktavu mbili na kiki inalia.

Swing ya FL (kuchelewesha kidogo baadhi ya mapigo) haimo ndani ya noti, hivyo mdundo utafika umenyooka kama rula. Tena, amri ya FL ya kuandaa mradi kwa ajili ya kutoa MIDI inabadilisha vyombo vyako kuwa chaneli tupu za MIDI. Ifanye kwenye nakala tu. Ukihifadhi juu ya mradi halisi, vyombo vimekwenda.

Dhana: "Programu mpya itamaliza mikwaruzo ya laptopu."

Mara nyingi tatizo ni draiva (programu inayounganisha kompyuta na kifaa cha sauti) na bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchakatwa, huhesabiwa kwa sampuli). Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO. Kwa 44.1 kHz, bafa ya 256 ni kama milisekunde 5.8 za kuchelewa na ya 1024 ni 23. Rekodi vokali kwa 128 au 256, changanya kwa 1024. Laptopu isikae juu ya godoro. Ikipata joto inajipunguza kasi yenyewe. Plagini za 32-bit ni habari nyingine: Live kuanzia toleo la 10 haizipakii kabisa, kwa hiyo sinthi yako ya zamani itolee sauti kabla hujahama.

Dhana: "Lazima ununue kwanza, au utafute ya kukraki."

Live inajaribiwa siku 30, Reaper siku 60 na kisha leseni ndogo ya dola 60. FL ya majaribio haina mwisho, ila mradi uliohifadhi haufunguki tena hadi ulipie, basi usiifanyie kazi ya mteja. Live Intro inaishia njia 16. Logic ni ya Mac tu. Ya kukraki mara nyingi inabaki toleo la nyuma, na mradi uliohifadhiwa kwa toleo jipya haufunguki huko.

Dhana: "Umeme ukikatika, programu itaokoa kazi."

Kama betri ya laptopu imekufa, weka mwenyewe mipangilio ya kuhifadhi kazi. FL ina uhifadhi wa kiotomatiki, iweke kwenye muda mfupi kabisa. Reaper inaweza kuhifadhi nakala yenye saa kwenye folda nyingine kila baada ya dakika unazotaka. Live inaweza kukuuliza kama irejeshe kazi baada ya kuzimika ghafla, lakini Ctrl+S ndiyo ya kuaminika.

Ukiwa katikati ya albamu ya mteja, imalizie ulikoianzia. Programu mpya ianze na wimbo mpya, na ya zamani usiifute: mteja akirudi mwakani kutaka mdundo bila vokali, utaihitaji.